Mkataba wa siku 150 taasisi ya fedha ya kimataifa au ajira ya kudumu benki ya hapa Dar: ninyi mngechagua ipi?

Kimara_Stopover
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, majibu yanatakiwa Ijumaa.

Mimi ni mchambuzi wa data, nina miaka minne kazini, takwimu nimesomea hapa hapa Dar. Ndani ya wiki moja nimepata nafasi mbili. Ya kwanza ni mshauri wa muda mfupi kwenye taasisi ya fedha ya kimataifa yenye ofisi hapa mjini: kusafisha na kuchambua data za tafiti za kaya, siku 150, malipo ni kwa siku. Ya pili ni ajira ya kudumu makao makuu ya benki ya biashara, Posta, kitengo cha mikopo. Kote naanza katikati ya Februari.

Nikiuita mshahara wa benki wa mwaka mzima 100, zile siku 150 zikilipwa zote zinafika 140. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi wa tano. Mama anasema benki. Rafiki zangu wanasema nafasi ya kimataifa haiji mara mbili. Nimepiga hesabu kwenye Excel mpaka nimechoka, kila nikigusa kitu kimoja jibu linageuka. Waliopita huko naomba mnisaidie.

Dada_Takwimu
Hongera kaka, na Mungu amjalie mama salama.

Rudi kwenye mkataba usome ule mstari wa siku. Umeandikwa "siku 150" au "hadi siku 150"? Nimefanya ushauri wa aina hiyo miaka mitatu na neno "hadi" ndilo lililonifunza. Benki ya Dunia, kwa mfano, mshauri wa muda mfupi haruhusiwi kuzidisha siku 150 ndani ya mwaka mmoja wa fedha, na mwaka wao wa fedha unaanza Julai 1 unaisha Juni 30. Yaani 150 ni dari, si ahadi. Wewe unaanza katikati ya Februari. Toa Jumamosi na Jumapili, toa Karume, Pasaka, Muungano, Mei Mosi: mpaka Juni 30 siku za kazi hazifiki 100. Zilizobaki zinasubiri bajeti mpya ya Julai, na bajeti hiyo haipangwi kwa kuangalia kama wewe ni hodari.

Mwaka wangu wa pili nilifanya siku 62 tu. Fedha za mradi zilichelewa. Kiongozi wa timu aliniomba radhi na najua alimaanisha, lakini mwenye nyumba wangu Tabata alikuwa anataka kodi ya miezi sita. Muulize kiongozi wa timu yako swali moja tu: siku ngapi tayari zina fedha?

Mzee_wa_Sado
Pesa mmeshaanza kuzisema, mimi niseme kazi yenyewe, maana kijana asije akaiacha bila kuijua.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ina utafiti unaofuatilia kaya zilezile miaka hadi miaka. Awamu ya kwanza ilikuwa 2008/09, kaya 3,265, na Benki ya Dunia ilisaidia kitaalamu. Kazi kwenye data za namna hiyo siyo kuchora grafu. Niliwahi kukutana na kaya ya watu watano iliyokula magunia 7 ya mahindi kwa siku saba. Kufuta ni rahisi. Nikaangalia majirani wa eneo lile lile la kuhesabia: kumi walitaja sado, yaani lile kopo dogo la kupimia nafaka, mmoja debe, gunia hakuna hata mmoja. Kwenye kishikwambi cha karani, sado na gunia vilikuwa vimefuatana kwenye orodha. Kidole kiliteleza. Sasa je, unabadilisha? Unabadilisha, lakini si kwa mkono. Unaandika kanuni kwenye programu yako ya Stata, ile lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, juu yake unaandika sababu, data ghafi huigusi. Kisha mwenzako asiyekujua, yuko ofisi nyingine kabisa, anaendesha programu yako tangu mwanzo, na namba yake isipolingana na yako hadi desimali ya mwisho, ripoti haitoki.

Mkisoma kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 26.4 mwaka 2017/18, fahamuni kuna watu walikaa wakigeuza sado kuwa kilo, soko kwa soko. Nidhamu hiyo sijaiona kwingine, na mimi ilinifanya kuwa mtu mwingine kazini.

Mkopo_Ndani
Mzee shikamoo. Nakubaliana nawe kabisa isipokuwa hapo kwenye "kwingine". Niko benki mwaka wa sita, na kitengo cha mikopo kina nidhamu yake.

Tangu Januari 1, 2018 kiwango cha uhasibu cha IFRS 9 kinataka benki itenge fedha kwa hasara inayotarajiwa, si ile iliyokwisha kutokea. Mkopo ukichelewa zaidi ya siku 30 kwa kawaida unahamia daraja la pili, ukivuka 90 unahesabiwa umeshindikana. Mchambuzi ndiye anayekadiria uwezekano wa kila kundi kushindwa kulipa. Ukikosea, faida ya benki inasomeka vibaya na Benki Kuu itauliza. Huko Stata utaisahau, utaishi kwenye SQL, lugha ya kuchota data kutoka kwenye hifadhidata. Na uchafu wa data upo vilevile: mteja mmoja ana akaunti tatu, Mwanaidi, Mwanaid na Mwana Idi, namba ya NIDA yenye tarakimu 20 imeandikwa pungufu kwenye mbili kati ya hizo, na mkopo uliochelewa uko kwenye ya tatu. Ukishindwa kuwaunganisha hao watatu unamwona mwema.

Ubaya wake nao niuseme. Mwisho wa mwezi hulali vizuri. Na robo tatu ya maombi ni ripoti ya haraka ya mkuu fulani, ambayo haifungui fikra yoyote.

Kuhusu ile 140 yako: upande wa benki ongeza mchango wa mwajiri NSSF, ambao kwa kawaida ni asilimia 10, likizo ya siku 28 yenye malipo, bima ya familia, na mkopo wa mfanyakazi wenye riba nafuu. Mshauri hana hata kimoja. Kodi anajikadiria mwenyewe na kulipa TRA kwa awamu nne, na kama una deni la Bodi ya Mikopo, ile asilimia 15 ambayo mwajiri angekukata inakuwa ni juu yako kukumbuka.

Changanyikeni_R
Mimi sikubaliani na hao rafiki zako wanaosema haiji mara mbili. Inakuja. Ila inakuja kwa mtu mwenye kazi ya kuonyesha, na hapo ndipo benki inapokubana. Ulichofanya benki huwezi kumwonyesha mtu: ni siri za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Kwenye taasisi za kimataifa jina lako linaweza kukaa kwenye ripoti, na programu yako mara nyingi inawekwa wazi kwa yeyote.

Dawa ipo. Data za utafiti aliousema Mzee zinapakuliwa bure kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia. Jiandikishe, eleza unataka kufanyia nini, unapewa. Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa R, lugha ya takwimu ya bure, ukijiwekea masharti yale yale ya kurudia kazi toka data ghafi, baada ya mwaka una kitu mkononi.

Halafu uliza mikutano ni saa ngapi. Saa nne asubuhi ya Washington kwetu ni saa kumi na moja jioni, na wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba inakuwa saa kumi na mbili. Mimi nilikuwa nafika Kimara saa tatu usiku. Kwa mwenye mtoto mchanga hilo si dogo.

Kimara_Stopover
Nimewasoma wote mara mbili, asanteni sana.

Dada, neno "hadi" lipo. Nimemuuliza kiongozi wa timu na amenijibu kwa uwazi: zenye fedha ni siku 85 mpaka Juni, baada ya hapo hawezi kuahidi. Siku 85 kati ya 150 ni 79 kwenye ile hesabu yangu. Nikiri kwamba bado zilinivuta, maana mpaka mwisho wa Juni benki itakuwa imenipa kama 38 tu. Lakini siku 85 ndani ya hizo ambazo hazifiki 100 ni karibu kila siku, na siku nisiyofanya kazi silipwi. Mei nitakuwa hospitali na mke wangu. Yaani ningekuwa nahesabu pesa nikiwa wodini, na sitaki kumpokea mtoto hivyo.

Naenda benki. Mkopo_Ndani, bima inaanza lini? Nitakuwa bado kwenye majaribio.

Mkopo_Ndani
Inategemea benki. Kwetu ni siku ya kwanza, rafiki yangu kwingine alisubiri mpaka athibitishwe. Uliza kabla ya kusaini, tena swali lilenge gharama za uzazi kwa mimba iliyokwishakuwepo, na jibu ulipate kwa maandishi.

Dada_Takwimu
Na barua ya kukataa usiicheleweshe mpaka Ijumaa. Kama yuko Washington, kule sasa ni mchana, na kiongozi wako anahitaji kumpata mtu mwingine. Mweleze sababu yako kama ulivyotueleza hapa, na umwambie ungependa kufikiriwa bajeti ya Julai ya mwakani.

Kimara_Stopover
Nimemtumia saa mbili na nusu usiku. Kesho asubuhi naanza na swali la bima.