Dar mpaka Nairobi kwa ndege ni masaa mangapi haswa?

Binti Ukonga: Wakuu habari zenu, naomba msaada. Mwezi ujao nampeleka mama Nairobi kwenye mahafali ya mdogo wangu, ana miaka 71 na akikaa sana miguu inavimba. Kaka anasema tupande basi hela isiungue, mimi nataka ndege. Tiketi ninayoitaka inaonyesha lisaa na dk 25 ila kuna mtu kaniambia ni lisaa tu, nimshike nani? Na umbali wake ni km ngapi?

Mzee wa Segera: Dada wote wako sahihi. Kwa angani ni kama km 665 hivi, jeti inakaa hewani karibu lisaa limoja, hizo dk zingine ni kutembea uwanjani, kusubiri zamu ya kuruka na kule Nairobi kusubiri kutua, maana tiketi inahesabu toka inapotoka kwenye maegesho mpaka inapoegesha tena. Ndege za pangaboi (propela) zinachukua muda zaidi. Barabara sasa ndo mateso, Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha, Namanga, ni karibu km 900, weka masaa 14 mpaka 16 na mpakani mnashuka wote kugongewa pasi. Mwaka juzi nilimpeleka baba kwa basi, tulifika viatu haviingii mguuni, mpaka leo inaniuma. Usimfanyie hivyo mama.

Otis wa Ruaka: Ni ukweli, lakini hiyo lisaa isikudanganye. Mko JNIA, uwanja wa Dar, masaa mawili au matatu kabla, halafu JKIA, uwanja wa Nairobi, kuna foleni ya uhamiaji na mizigo, alafu jam ya kuingia tao, yaani mjini. Mwambie dereva apitie Expressway, utalipa kidogo ila mama hatakaa kwa gari sana. Toka mlangoni mpaka mlangoni hesabu masaa sita. Na ukibook omba kiti cha magurudumu mapema, hawakutozi kitu.

Mama Nuru: Mdogo wangu ukikata tiketi angalia vizuri saa, mfano ikiandikwa 07:10 ni saa moja na dk kumi asubuhi, sio saa saba. Shemeji yangu ndege ilimuacha hivyohivyo na hela haikurudi. Dar na Nairobi saa ni ileile, hakuna kubadilisha. Na cheti cha homa ya manjano msisahau, mtaulizwa wakati wa kurudi.

Kijana wa Moshi: Kama hela inabana kweli mnaweza kulala Arusha, kesho yake mnamalizia, Arusha Nairobi ni km 270 tu, masaa matano au sita na mpaka humohumo.

Binti Ukonga: Asanteni sana jamani. Kaka nimemsomea ya Mzee wa Segera kakubali kuchangia nusu, tumekata ya asubuhi. Nilitaka mama akae kiti cha pembeni ya njia anyooshe miguu, kagoma, anataka dirishani upande wa kushoto, kasikia Kilimanjaro inaonekana na yeye kwao ni Marangu, toka bibi afariki hajaenda.

Mzee wa Segera: Inaonekana, na asubuhi ndo mawingu hayajafunga. Mpe hicho kiti.