Kwa nini treni za Uingereza zilikuwa na daraja la kwanza na la tatu bila la pili?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, katika kusoma habari za usafiri wa reli wa zamani nchini Uingereza nimekutana na jambo linalonitatiza. Tiketi nyingi za miaka ya 1930 zinataja daraja la kwanza na la tatu, ilhali la pili halionekani. Lilikwenda wapi? Na je, abiria wa daraja la tatu aliyesafiri usiku kucha alipata kitanda, au alikesha ameketi?

Mzee wa Stesheni: Ndugu Mdadisi, ili kulielewa jambo hili yafaa tuanze na mabehewa yasiyo na paa, kwa kuwa ndiyo yaliyombeba abiria wa daraja la tatu katika reli nyingi za mwanzo. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1841, treni ya kampuni ya Great Western ilivamia udongo ulioporomokea njia huko Sonning, na abiria kadhaa wa daraja hilo, wengi wao mafundi wa ujenzi waliokuwa wakirejea makwao, walirushwa nje wakafa. Sheria ya mwaka 1844 ikazilazimu reli mpya za abiria kuendesha angalau treni moja kila siku ya kazi kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili, kwa mwendo wa wastani usiopungua maili 12 kwa saa, katika mabehewa yenye viti na yenye kumkinga msafiri na mvua.

Tangu hapo daraja la tatu likawa na ulinzi wa sheria, wala hapakuwa na kampuni iliyoweza kulifuta kwa hiari yake. Mwaka 1872 kampuni ya Midland iliwaruhusu abiria hao kupanda treni zake zote, na mwaka 1875 ikaondoa daraja la pili kabisa, ikashusha nauli ya daraja la kwanza hadi kiwango cha lile lililofutwa. Washindani walinung'unika, lakini mmoja baada ya mwingine wakafuata. Daraja la kati ndilo lililoondoka. La chini liliboreshwa, ila jina lake halikuguswa.

Kitanda cha Juu: Naomba nijibu sehemu ya pili. Behewa la kulala lilianza kutumika Uingereza mwaka 1873, kati ya Glasgow na London, na lilikuwa la daraja la kwanza pekee. Mwaka uliofuata Midland ilileta mabehewa ya George Pullman kutoka Marekani, ambayo viti viwili vinavyotazamana vilivutwa vikawa kitanda cha chini, na kitanda cha juu, kilichofungwa kwa bawaba, kikateremshwa kutoka ubavuni karibu na dari. Aliyelala ndani alitenganishwa na ujia kwa pazia tu. Waingereza hawakulipenda sana pazia hilo, na hatimaye vyumba vyenye mlango ndivyo vilivyoshinda.

Abiria wa daraja la tatu alisubiri hadi mwaka 1928. Hata hapo alilala na wenzake watatu katika chumba kimoja, akipewa mto na blanketi bila shuka. Kwangu mimi, shuka hilo linaeleza tofauti ya madaraja kuliko jedwali lolote la nauli.

Msoma Ratiba: Mzee wa Stesheni, nyongeza ndogo: daraja la pili halikutoweka kila mahali, kwa kuwa baadhi ya treni zilizounganisha na meli za kwenda bara la Ulaya ziliendelea kuwa na madaraja yote matatu.

Mdadisi: Nashukuru sana. Je, jina la daraja la tatu lilifutwa lini?

Msoma Ratiba: Mwaka 1956. Nchi nyingi za bara la Ulaya zilipunguza madaraja kutoka matatu hadi mawili, na Uingereza ikabadilisha jina la daraja la tatu kuwa la pili. Viti vilibaki vilevile.