Tupeane uzoefu: injini ya boti ilipokugomea kuwaka, tatizo lilikuwa nini?

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Nimefungua huu uzi kwa sababu gari likikugomea unalisogeza pembeni unatafuta fundi, boti ikikugomea uko katikati ya maji na upepo unakupeleka unakotaka wenyewe. Kila mtu aseme yake, ilikugomea vipi, ulihangaika na nini, na mwisho wa siku ilikuwa nini hasa.

Naanza na yangu. Injini ni ya kuchanganya oili na petroli, silinda mbili, ya kuvuta kamba. Asubuhi ikiwa ya baridi unavuta mara mbili tu imewaka, unaondoka, unakwenda kama dakika ishirini hivi halafu inakata pap! Haikohoi, haipungui nguvu, inakata kama mtu kabonyeza swichi. Vuta kamba mpaka mkono ufe ganzi, haiwaki. Ukikaa nusu saa ikapoa, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Nikaambiwa petroli chafu, nikamwaga tenki lote nikasafisha. Nikaambiwa kabureta, nikaifungua nikapuliza jeti zote. Nikaambiwa plagi, nikaweka mpya. Bado. Miezi miwili nanunua vitu na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali la kwanza kabisa: ikikata, cheche ipo au haipo?

Basi siku moja nikabeba kile kipima cheche chenye uwazi, kinaning'inia kwenye waya wa plagi na unaona kwa macho. Ilipokata tu, kabla haijapoa, nikakichomeka nikavuta. Hakuna kitu, silinda zote mbili. Nikakaa, nikasubiri ipoe, nikavuta tena, cheche ya buluu inapiga tah tah tah. Hapo nikajua kabureta niliionea bure.

Nyumbani nikatoa flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kwa pula (kifaa cha kung'olea), nikapima ile koili ya kuchaji iliyo chini yake, ile inayoilisha CDI, yaani kile kiboksi cha umeme kinachopiga cheche. Ikiwa ya baridi ipo sawa kabisa na kipimo cha kitabu cha injini, na nadhani hapo ndipo wengi wanapodanganyika maana ukipima ya baridi utasema ni nzima. Nikaacha mita imeunganishwa nikaipasha kwa ile mashine ya kukaushia nywele. Namba zikaanza kupanda polepole, zikapanda, halafu mita ikaonyesha njia imekatika. Ikapoa, namba zikarudi. Ule waya mwembamba kama unywele ndani ya koili ulikuwa umeshakatika, ncha zinagusana tu, ukipata joto zinaachana. Nikaweka koili nyingine, mpaka leo haijakata tena.

Mdau wa 2

Aisee hiyo ya joto imenifungua macho. Yangu ni ya kile kipini cha usalama, kile chenye kamba unayojifunga mkononi. Stata inazungusha vizuri, petroli naisikia harufu, haiwaki. Tumeshafungua kabureta iko juu ya taulo ndo mwanangu ananiuliza baba hiki kidude mbona kipo chini. Kilikuwa kimechomoka siku nzima.

Sasa msikilize sehemu ya pili ndo muhimu zaidi. Miezi kadhaa baadaye ikagoma hivyohivyo, na safari hii kipini kipo mahali pake. Ile swichi kazi yake ni kupeleka umeme wa CDI kwenye bodi ya injini ili cheche ife, sasa maji ya chumvi yalikuwa yameingia ndani ikawa inazima muda wote. Nilichomoa ule waya wa kuzimia pale unapoingia kwenye CDI nikavuta, cheche ikarudi palepale. Lakini jamani hicho ni kipimo tu! Mkichomoa mjue swichi haizimi tena, mtazima kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta, na msiende nayo majini hivyo hata siku moja, ukidondoka boti inaweza ikakugeukia na propela inazunguka.

Mdau wa 3

Mimi ni fundi, naongezea la upande wa stata maana naletewa sana. Mtu anabonyeza inalia kak, haizunguki, anakimbilia kununua betri. Ya mwisho niliyoletewa jamaa alishanunua betri NA stata. Nikaweka mita kwenye nguzo za betri, volti 12.6, imejaa. Nikamwambia abonyeze, kwenye betri inashuka mpaka 11.8, betri haina shida. Nikahamia kwenye stata yenyewe, abonyeze tena, naona 7. Sasa zile volti nyingine karibu 5 zimeishia wapi? Zimeishia njiani.

Ukitaka kujua wapi, mguu mmoja wa mita weka kwenye nguzo chanya ya betri na wa pili kwenye bolti ya stata, mtu abonyeze. Ikizidi nusu volti hivi kuna kitu kinabana hapo katikati. Fanya hivyohivyo upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri mpaka kwenye chuma cha injini. Kwake ilikuwa hasi. Kwa nje waya unang'aa, nilipochana mpira sentimita chache kutoka kwenye kiatu cha waya, shaba ndani imekuwa unga wa kijani, inabaki mikononi. Niliubadilisha waya huo tu.

Na kabla ya yote hayo hakikisha gia ipo nyutro, injini nyingi hazikubali kupiga stata ikiwa kwenye gia. Kingine, mnapojaribu cheche plagi iwe mbali na tundu la silinda na boti iwe na hewa, mvuke wa petroli hausubiri.

Mdau wa 4

Yangu fupi. Inawaka, inakwenda dakika kumi inakufa. Pampu ya mkono, ule mpira wa kuminya, nikaukuta umenywea bapa. Kile kiskrubu cha hewa juu ya kifuniko cha tenki kilikuwa kimefungwa, injini inavuta petroli na hewa haiingii. Kulegeza tu kukamaliza kila kitu. Tofauti na ya mleta mada ni kwamba yangu ilikuwa inakohoa kwanza na kupoteza nguvu, haikukata ghafla.

Mdau wa 5

Mimi yangu ilinitesa kwa sababu kila kitu kilikuwepo. Cheche ipo nzuri, petroli inafika, nikapima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) zote karibu sawa, na bado haiwaki. Ukivuta kamba inakurudisha kwa nguvu, kidogo inivunje vidole, na kabureta inatema moto kurudi nyuma. Ikanichukua muda kuelewa kwamba cheche kuwepo ni jambo moja na kuja kwa wakati wake ni jambo lingine.

Nilipotoa flaiwili ile kii ndogo ya chuma inayoishikilia kwenye shafti ilikuwa imekatika nusu, imesogea kama milimita mbili tu. Milimita mbili! Aliyeifungua kabla yangu hakukaza nati kwa kipimo, flaiwili ikawa inacheza kwenye shafti mpaka ikaila kii. Niliweka mpya, nikafuta grisi yote kwenye ule mkao wa koni maana pale panatakiwa pakavu, nikakaza kwa spana ya kipimo. Mvuto wa pili ikawaka.

Mdau wa 6

Wakuu mimi tatizo ninalo sasa hivi, niko nayo hapa. Silinda mbili, ya juu haina cheche, ya chini ipo. Plagi nimebadilisha. Ninunue CDI?

Mleta mada

Usinunue chochote kwanza. Swichi ya kuzimia nadhani siyo, ingekuwa yenyewe ingeua zote mbili kama ilivyomtokea Mdau wa 2. Koili zako za plagi ni mbili kila moja na yake au ni moja yenye miguu miwili?

Mdau wa 6

Ni mbili, kila silinda na yake, zinafanana.

Mleta mada

Safi sana, basi umeshapata kipimo cha bure. Zibadilishane, ya juu iende chini na ya chini ije juu, nyaya nyingine usiguse, kisha jaribu. Kukosa cheche kukihamia chini, koili ndiyo mbovu. Kukibaki juu, koili haina kosa, tunarudi nyuma kwenye CDI na koili ya mapigo, ile inayoiambia CDI wakati wa kupiga cheche.

Mdau wa 3

Na ukishajua subiri giza, vuta huku unaiangalia ile koili yenyewe, siyo plagi.

Mdau wa 6

Nimerudi. Imehamia chini, juu sasa cheche ipo. Nikafanya alivyosema fundi, nikazima taa, nikamwambia mdogo wangu avute. Kuna mstari mwembamba wa mwanga unaruka kutoka ubavuni mwa koili kwenda kwenye chuma. Nimewasha tochi nikaona ufa, hata kucha haiingii. Natafuta koili moja tu basi, CDI nimeiacha.