Carrier ya Mwingereza, Kettenkrad ya Mjerumani au Weasel ya Mmarekani: ninunue modeli ipi?

Karakana_Tanga (mleta uzi):
Habari za jioni wakuu. Nina hela ya boksi moja tu la modeli ya kuunganisha, na nimebakiwa na tatu: Universal Carrier (wengi wanaiita Bren Carrier), Kettenkrad na Weasel M29. Zote ni vigari vyepesi vya cheni vya Vita Kuu ya Pili. Nataka yenye historia nzito, siyo sura tu. Naagiza Ijumaa. Mnanishauri ipi?

Tumbatu77:
Mkuu, umeandika kama telegramu. Skeli gani? Bajeti? Umeshaunganisha hata moja? Na hiyo Weasel ni ya nchi kavu au M29C ya kuelea? Bila hayo tutabishana hadi alfajiri na Ijumaa itapita.

Mzee wa V8:
Carrier. Fungeni uzi tukalale.

Haya, nifafanue. Zilitengenezwa 113,000 hivi kati ya miaka ya 1930 na 1960. Hakuna gari la deraya lililowahi kutengenezwa kwa wingi kuliko hilo. Lilitokana na vile vifaru vidogo vya Carden-Loyd, likakuzwa na Vickers-Armstrongs, halafu kila mtu akaunda lake: Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, hadi Marekani. Injini ni Ford V8 ya petroli, nguvu za farasi 85, imekaa katikati huko nyuma, askari wamekaa ubavuni mwake wakiota joto lake.

Ila utamu wake ni usukani. Ukiukata kidogo, breki haishiki kitu. Magurudumu ya mbele yanasogezwa pembeni yote kwa pamoja, cheni inapinda, gari linafuata mkunjo. Ukikata zaidi ndipo breki inashika cheni ya upande mmoja. Nani alifikiria hivyo zama zile? Kwa nini tunajadili vingine?

Shangazi Historia:
Tunajadili kwa sababu wingi si sifa, mwanangu. Carrier ilikuwa ya kubebea bombomu na watu wake hadi karibu na mapigano, washuke, wapigane kwa miguu. Makamanda wakaigeuza kifaru na watu wakafa. Tarehe 5 Desemba 1942 huko Buna, New Guinea, Waaustralia walitanguliza Carrier 5 mahali ambapo vifaru vilihitajika na havikuwapo. Juu ziko wazi, bamba lenyewe lina unene wa milimita 10 hivi. Wajapani walikuwa kwenye mahandaki ya magogo ya minazi, na wengine juu ya miti wakilenga ndani ya gari. Haikufika nusu saa zote 5 zikawa hazina kazi.

Mzee wa V8:
Shangazi, hilo ni kosa la waliotoa amri. Gari halikujipeleka lenyewe. Wajerumani waliziokota nyingi Ufaransa mwaka 1940 baada ya Waingereza kuziacha, wakazitumia wenyewe. Adui akipenda gari lako ujue ni gari.

Nyuki wa Bonde:
Kettenkrad, hakuna mjadala. Mbele pikipiki, nyuma cheni. Ina injini ya gari la Opel Olympia, ya lita 1.5, farasi 36, na barabarani inakimbia kilomita 70 kwa saa wakati hiyo Carrier yenu haifiki 50. Kampuni ya Kijerumani ya NSU waliitengeneza iingie ndani ya ndege ya Ju 52 kwa ajili ya wanajeshi wa miavuli. Ikaishia Urusi, ikivuta mizinga midogo na kutandaza nyaya za simu. Mwishoni mwa vita, mafuta yamekauka, ndiyo iliyokuwa ikiburuta ndege za jeti za Me 262 hadi njia ya kurukia ili zisichome mafuta yao chini. Ndege ya kisasa kuliko zote angani inavutwa na pikipiki! Na baada ya vita NSU waliendelea kuziunda hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wakulima na misitu.

Tumbatu77:
Umeruka sehemu ya tope. Magurudumu yale yamepandana kama sahani kabatini. Tope likiingia katikati na kuganda usiku, asubuhi gari halitoki. Na ukitaka kubadilisha gurudumu la ndani unaanza kufungua ya nje.

Nyuki wa Bonde:
Mbona vifaru vya Tiger vilikuwa hivyo hivyo na watu wanavisifu?

Tumbatu77:
Wanavisifu wasiowahi kushika spana.

Shangazi Historia:
Mimi ni Weasel. Wazo lilitoka kwa Mwingereza mmoja, Geoffrey Pyke, aliyetaka kikosi kidogo cha makomando kivamie Norway wakati wa theluji. Kampuni ya Studebaker ikaliunda gari lenyewe Marekani kwa haraka mwaka 1942, kikosi maalumu cha Wamarekani na Wakanada kikafunzwa, halafu shambulio la Norway likafutwa. Gari likabaki bila kazi, na kumbe kazi yake ilikuwa tope. Lina cheni pana na uzito mdogo, hata linakandamiza ardhi chini ya mguu wa mtu. Novemba 1944 kisiwani Walcheren, Uholanzi, baada ya kingo za bahari kubomolewa kwa mabomu na nchi kufunikwa na maji, Weasel zilikuwa miongoni mwa magari machache yaliyofaa pale. Mwezi huohuo kwenye msitu wa Hürtgen, Ujerumani, njia ya bonde la Kall ilikuwa finyu mno, vifaru vinateleza na kukwama, na Weasel ndizo zilizopandisha risasi na chakula na kushusha majeruhi.

Mwambieni mtu aliyelazwa kwenye machela kwamba kilomita 70 kwa saa ni muhimu.

Karakana_Tanga:
Asanteni sana. Skeli ni 1/35. Samahani sikusema, ni zawadi ya baba mkwe. Fundi magari mstaafu, anapenda sana kusoma vita hivi. Ataunganisha mwenyewe.

Tumbatu77:
Fundi mstaafu! Hilo ndilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza. Macho yake vipi? Mikono haitetemeki?

Karakana_Tanga:
Mikono inatetemeka kidogo, ndiyo.

Mtoto wa Pasiansi:
Basi simama hapo hapo kabla hujalipa. Acha historia kwanza, tuongelee cheni.

Mimi niliagiza modeli ya Carrier kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Mzigo ulikaa kwa wakala hadi nikasahau kama nilinunua. Boksi lilifika limebonyea, lakini vipande vilikuwemo. Cheni zake zilikuwa za mpira laini, unazungusha tu, nikafurahi maana nilisikia zile za kipande kimoja kimoja zinatoa watu machozi. Nikaunganisha, nikapaka rangi, nikaiweka juu ya kabati sebuleni. Nyumba yetu ni ya bati, mnajua Mwanza mchana. Baada ya muda naishika niifute vumbi, gurudumu linabaki kwenye cheni! Ule mpira una mafuta yanayotoka taratibu na kula plastiki ya magurudumu. Pale vilipogusana pamekuwa kama ubani uliotafunwa. Upande mmoja ukalala chini kabisa. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu nitume picha. Nikatuma. Akasema picha haionekani vizuri. Nikatuma nyingine. Akanitumia karatasi ya maelekezo ya kuunganisha! Ninayo! Nimeshaunganisha! Sijamsikia tena hadi leo, na ukurasa wake sasa unauza mapazia.

Kwa hiyo uliza cheni ni za aina gani. Za plastiki ngumu zilizokatwa vipande virefu ndizo salama kwa mzee. Kama ni za mpira, ziguse magurudumu baada ya kupakwa rangi vizuri, na hata hivyo Mungu akusaidie.

Mzee wa V8:
Pole ndugu. Lakini hilo halihusu Carrier yenyewe, linahusu mpira.

Nyuki wa Bonde:
Kettenkrad basi. Vipande vichache.

Tumbatu77:
Gari halisi lina urefu wa mita 3. Gawanya kwa 35: sentimita 8 na nusu. Mnampa mzee anayetetemeka kitu kinachotoshea kiganjani, chenye magurudumu yaliyopandana? Hapana jamani.

Mjukuu wa Keya:
Nimechelewa, naomba niingize langu. Babu yangu alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Burma 1944. Walishuka bonde la Kabaw masika yote. Hakuwahi kutaja kigari chochote cha cheni. Alitaja tope, malaria na nyumbu. Desemba ile wakafika mto Chindwin pale Kalewa, na wahandisi wakatandika daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vya kuunganisha, la mita 350 hivi, refu kuliko daraja lolote la aina hiyo wakati ule. Mnabishana Weasel na Kettenkrad, wazee wetu walitembea.

Shangazi Historia:
Umenigusa. Alipewa medali? Ana karatasi zozote? Watu wanazitupa wakihama nyumba.

Mjukuu wa Keya:
Nyota ya Burma ipo, kwa baba mdogo. Karatasi zililiwa na mchwa isipokuwa kitabu cha malipo.

Shangazi Historia:
Kipige picha kila ukurasa, leo hii. Nitakutumia ujumbe pembeni.

Mzee wa V8:
Sasa hilo daraja la Bailey linauzwa kama modeli? Nauliza kweli.

Mjukuu wa Keya:
Nimewahi kuliona kwenye 1/35, kipande kifupi. Bei ilinikimbiza.

Karakana_Tanga:
Wakuu, nimemuuliza muuzaji. Carrier cheni ni za mpira, Weasel cheni ni za kipande kimoja kimoja, Kettenkrad hajui. Mama mkwe naye anasema mzee ameomba redio. Ijumaa ni kesho.

Tumbatu77:
Muulize mzee mwenyewe, lakini kwa kuzunguka. Mwambie umeona V8 mahali fulani, tazama uso wake.

Nyuki wa Bonde:
Halafu kuna mtu anajua gundi nyembamba inapatikana wapi Arusha? Hizi za viatu zinayeyusha kila kitu.