Nani mwenye wajibu wa kupima maji ya Mbwemkuru, na mwanakijiji apeleke wapi malalamiko?

Mkazi wa Ruangwa:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi kando ya kijito kinachoingia Mto Mbwemkuru, wilayani Ruangwa. Wakati wa kiangazi mkondo hukauka, nasi huchimba visima mchangani ili kupata maji ya kunywa na ya kunyweshea mifugo. Tangu wachimbaji wadogo wa dhahabu walipoweka mwalo wa kuoshea mchanga upande wa juu, maji ya visima hivyo yamekuwa ya kijivu, na ukiyaacha ndooni usiku kucha unakuta asubuhi tope laini limetuama. Tunajua kwamba pale mwaloni wanatumia zebaki kunasia dhahabu. Tulipouliza, ofisi moja ilisema hilo ni suala la madini, nyingine ikasema ni la maji. Je, kisheria nani anawajibika, na je, tope lile ni ushahidi wa kutosha?

Fundi Maji Mstaafu:

Mwanangu, ofisi zote mbili zinahusika, na ndiyo maana kila moja inapata pa kukuelekeza. Anza na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, kwa sababu Mbwemkuru uko katika eneo lake. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, hakuna anayeruhusiwa kutiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji bila kibali cha Bodi, na kibali hicho huja na masharti ya ubora. Swali lenu la kwanza kwa Bodi liwe hilo: je, mwalo ule una kibali?

Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Chukueni kamba, pimeni kutoka ukingoni hadi kwenye karo la kuoshea, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na muandike. Kipimo hicho hakihitaji maabara.

Kuhusu tope, usilitegemee peke yake. Rangi ya kijivu inaweza kuwa unga wa mawe uliotoka kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, tu, ilhali maji meupe kabisa yanaweza kuwa na sumu. Kanuni za viwango vya maji za mwaka 2007 zinaruhusu zebaki isiyozidi miligramu 0.005 kwa lita katika majitaka yanayotiririshwa, na kiasi hicho hakuna jicho linaloweza kukiona. Msichote maji kwa chupa ya soda na kuipeleka mjini. Sampuli ya metali huchukuliwa kwa chupa iliyosafishwa maalumu na kutiwa asidi ili metali isigande kwenye kuta, na mnayemlalamikia ataikataa sampuli ambayo haijulikani ilipita mikononi mwa nani. Ombeni kwa barua kwamba Bodi au NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, waje wachukue wenyewe, tena wachukue na tope.

Muuguzi wa Lindi:

Ninaunga mkono hilo la tope kwa nguvu zote. Zebaki ni nzito, huzama na kukaa kwenye matope, na humo bakteria huigeuza kuwa zebaki ya kikaboni, ambayo huingia kwa samaki na kuongezeka kadiri samaki mmoja anavyomla mwingine. Maji yanaweza kupimwa leo yakaonekana salama, huku kambale wa dimbwi lile lile akiwa na sumu inayodhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Wajawazito waelezwe sasa, matokeo yasisubiriwe.

Mchimbaji Mdogo:

Mimi nina leseni ndogo na ninasema bila kuficha: kanuni za madini zinatutaka tuoshee kwenye bwawa lililozibwa chini na tuchome mchanganyiko wa dhahabu na zebaki katika kifaa kilichofungwa, ili mvuke urudi kuwa zebaki badala ya kupuliziwa hewani. Wengi hawafanyi hivyo. Lakini msiende na polisi kwanza. Muulizeni mwenye leseni mpango wake wa utunzaji wa mazingira, kwa kuwa anatakiwa kuwa nao, na ofisa wa madini anao uwezo wa kumsimamisha. Marudio pia, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, yaulizieni. Mvua za masika zikiyakuta wazi, yote yanashuka mtoni.

Mkazi wa Ruangwa:

Shikamoo mzee wangu, na ninawashukuru nyote. Tutapima mita hizo na mwenyekiti, kisha barua itakwenda Bodi, na nakala NEMC na ofisi ya madini, ili kila mmoja aone mwenzake ameandikiwa. Swali moja limebaki: Bodi wakinyamaza, tunaweza kwenda mahakamani sisi wenyewe?

Fundi Maji Mstaafu:

Marahaba. Mnaweza. Kifungu cha 4 cha sheria ile ya mwaka 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kushtaki haki hiyo inapovunjwa. Barua ya kwanza igongwe muhuri wa kupokelewa.