Makreti ya mbao kwa mapambo ya harusi: ninunue mapya, nikodi au nichukue ya zamani?

BibiHarusiMtarajiwa: Wadau, habari za humu. Naomba ushauri wa haraka. Harusi yetu tunataka iwe ya kishamba: mbao, magunia, maua ya porini, taa za nyuzi. Mapambo yote yatasimama juu ya makreti ya mbao. Njia ziko tatu: kununua mapya ya msonobari, kukodi kwa mpambaji, au kuchukua ya zamani yaliyobebea matunda, ambayo nayapata bure. Mpambaji anataka arubuni wiki hii. Ipi bora?

SeremalaMstaafu: Swali lako halina miguu, binti. Wageni wangapi? Ukumbini au uwanjani? Makreti ni ya katikati ya meza au ya kubebea keki? Mangapi? Harusi lini?

NapitaTu: Naungana na mzee. Mtu anauliza "ipi bora" kama vile humu tunapiga ramli.

MamaWawili: Kodi mwanangu, kodi. Harusi ikiisha usiku wa manane, hutaki kuanza kuhesabu makreti huku viatu umevishika mkononi.

MpendaMsasa: Napinga kwa nguvu zote. La kukodi huruhusiwi kulipaka rangi, wala kulipigilia hata msumari mmoja, na likivunjika pau unalipa kreti zima. Chukua ya zamani. Mbao iliyopigwa na jua na mvua mpaka ikawa ya kijivu, maandishi yamefifia, hiyo sura hainunuliki. Toa pini zote kwa koleo, piga msasa namba 80, malizia na 120, vibanzi vinaisha. Ukishindwa kabisa nunua mapya, uyazeeshe mwenyewe: loweka stili waya ya kusugulia masufuria ndani ya siki kwa siku nzima, paka mbao chai ya rangi nzito, iache ikauke, kisha paka ile siki. Inageuka kijivu unaiona kwa macho. Usiruke chai, msonobari peke yake haushiki vizuri.

DadaMapambo: Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nikisikia "makreti ya bure" nashtuka vilevile.

Harusi ya mdogo wangu tulipewa 32. Tuliambiwa ni ya matunda. Tukayasugua kwa sabuni, tukayaanika siku mbili, tukayapiga rangi nyeupe ya maji tuliyoizimua nusu kwa nusu ili mistari ya mbao ionekane. Yamelala stoo wiki nzima, hayanuki chochote. Siku yenyewe tukayapanga chini ya turubai tangu asubuhi, matatu yakabeba keki. Jua lilipofika utosini nikamsikia shangazi anauliza kwa sauti ya kanisani, "Nani kaleta samaki?"

Hakuna aliyeleta samaki. Makreti ndiyo yaliyokuwa ya samaki! Si yote, labda kumi, ila tungeyajuaje na yote ni meupe? Mbao ilikuwa imekunywa yale maji miaka na miaka, na rangi nyepesi haizibi kitu. Joto likaja kuikamua. Nzi wakaifikia keki kabla ya wageni. Bwana harusi akatoa manukato yake tukanyunyiza, ikawa sasa ni samaki aliyejipulizia manukato. Keki ikahamishiwa juu ya meza ya plastiki, ile tuliyokuwa tumeificha kwa ubaya. Picha zimetoka nzuri sana, maana picha hainuki.

Kwa hiyo ukichukua ya bure, kila kreti lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, liweke juani saa nzima, fungua unuse. Moja moja. Usinuse mawili ukasema yanatosha.

NapitaTu: "Samaki aliyejipulizia manukato" 😂😂 nimecheka mpaka bosi kageuka.

MwalimuWaLugha: Samahani nitoke nje ya mada. Harusi "ya kishamba"? Kishamba ni tusi. Mkwe akiisoma hiyo kadi atasema mwanawe kaolewa na washamba. Sema "ya mtindo wa shambani".

MpendaMsasa: Mwalimu, wote tumeelewa.

MwalimuWaLugha: Kuelewa si kuandika. Kadi inakaa miaka.

MamaWawili: "Ya kiasili" je?

MwalimuWaLugha: Kiasili watu watategemea ngoma na kaniki. Shambani.

BibiHarusiMtarajiwa: Jamani tusigombane, kadi bado. Wageni 120, meza 15 za watu wanane. Ni uwanjani. Nilifikiria makreti 40, na ndani ya kila moja mshumaa.

SeremalaMstaafu: Afadhali. Sasa sikiliza. Kreti la sentimita 50 kwa 40 kwa 30, arobaini yake ni mita za ujazo 2.4, na hayaingiani kama ndoo. Gari la kuyabeba lipo? Na katikati ya meza usiliweke hilo kubwa ukalipandishia maua juu. Watu wanane watakula bila kuonana nyuso. Tafuta madogo ya kina kifupi, maua yakae ndani ya chupa za mdomo mpana. Makubwa yapeleke mlangoni na kwenye keki. Ukiyapandanisha, ya chini tia mawe na yote yafunge pamoja kwa skrubu, maana upepo wa uwanjani hauna adabu. Mshumaa ndani ya kreti usithubutu, pau ya juu itaungua. Weka taa za betri.

DadaMapambo: Na chini ya kila kreti bandika kitambaa kizito. Pini zenye kutu zikinyeshewa hata kidogo, kitambaa cha meza kimekwisha.

KijanaWaPaleti: Mbona hamumwambii avunje paleti, zile chaga za mbao za kupangia mizigo, ajitengenezee? Mbao ni ileile.

SeremalaMstaafu: Si ileile. Tazama kwanza muhuri uliopigwa kwenye paleti. HT maana yake imepashwa joto, nyuzi 56 mpaka kiini cha mbao kwa dakika 30. MB imefukizwa kwa dawa ya methyl bromide, hiyo usiiguse. Na muhuri unazungumzia wadudu wa siku ile tu. Hauzuii bungua kuingia baadaye, wala haukuambii mzigo gani ulimwagikia humo.

DadaMapambo: Kwa mfano samaki.

NapitaTu: Mimi nina swali lingine kabisa. Harusi ikiisha, makreti 40 yanaenda wapi? Nina kuku.

MamaWawili: Yanafaa sana kwa viota. Yalaze ubavu, tandika nyasi kavu.

MpendaMsasa: Yangu nimeyafanya rafu ya vitabu, miaka minne sasa. Kuku watayachafua bure.

NapitaTu: Kitabu hakitagi.

SeremalaMstaafu: Binti, tarehe bado hujasema.

NapitaTu: Na kama ukiamua ya bure, yale yanayonuka nipe mimi. Kuku hawana neno.