Varmaan, varmasti, ehkä, kai: nani anaweza kunipangia maneno haya ya Kifini?

Binti_Kondoa:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma. Najifunza Kifini mtandaoni usiku nikitoka zamu, maana nina mpango wa kwenda kufanya kazi huko na mtihani wao wa lugha, YKI, unanisubiri. Kitabu chetu kimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwangu ni lugha ya tatu baada ya Kirangi na Kiswahili. Sasa kuna ukurasa umerundika ehkä, kai, varmaan, luultavasti, todennäköisesti, saattaa na taitaa, na maneno manne kati ya hayo yamepewa tafsiri ile ile moja ya Kiingereza.

Juzi mwalimu katuandikia kwenye kundi: *Nähdään varmaan torstaina.* Tukaanza kubishana. Mmoja anasema varma ni "hakika", kwa hiyo Alhamisi tunakutana, hakuna mjadala. Mwingine anasema hapo mwalimu hajaahidi kitu. Nani yuko sahihi? Na haya mengine nayapangaje?

Mtumba_Kwetu:
Ehkä ni labda, varmasti ni hakika, mengine yote yako katikati. Usijitese, dada, utayazoea ukifika.

Mama_Ipagala:
Marahaba, mdogo wangu. Huyo wa pili yuko sahihi: mwalimu hajaahidi. Na naomba usisubiri kuyazoea ukifika, kwa sababu kwa kazi yetu hayo "ya katikati" ndiyo kazi yenyewe.

Nimefanya kazi Tampere, kwenye nyumba ya kulea wazee, kama lähihoitaja, yaani msaidizi wa uuguzi. Asubuhi mnakaa mezani kukabidhiana zamu, kahawa mkononi. Siku moja wa zamu ya usiku alisema kuhusu bibi mmoja: *Hän on varmaan saanut lääkkeen.* Muuguzi kiongozi aliweka kikombe chini, akavuta kompyuta, akafungua kumbukumbu za dawa hapo hapo. Hakukasirika, wala hakuuliza swali. Alikuwa amesikia "atakuwa ameshapewa dawa", na "atakuwa ameshapewa" haimtoshi muuguzi. Yule wa usiku angesema *Hän on saanut lääkkeen*, bila nyongeza yoyote, wangepita kwa bibi wa chumba kinachofuata.

Hapo shika mambo mawili. Kwanza, varmaan na varmasti ni mtoto wa baba mmoja, varma, lakini yameachana njia. *Tulen varmasti* ni nakuja, nisubiri. *Tulen varmaan* ni nadhani nitakuja, usinipakulie bado. Ukikanusha ni vivyo hivyo: *hän ei varmaan tule* ni nadhani haji, *hän ei varmasti tule* ni haji kabisa. Katika mazungumzo ya haraka ile n ya mwisho ya varmaan humezwa, unasikia "varmaa" tu, kwa hiyo tega sikio.

Pili, Mfini mwenye uhakika mara nyingi hasemi "hakika". Anasema jambo lenyewe, basi. Hata *hän on varmasti jo kotona* mara nyingi ni ya mtu anayekisia kwa nguvu, kama sisi tunavyosema "lazima ameshafika nyumbani". Aliyemwona kwa macho yake anasema *hän on kotona*.

Ushauri wangu ni kwamba ukurasa huo uupitie kwa Kiswahili, maana Kiingereza kinakuzungusha bure. Sisi tuna "atakuwa". Ukisema "Juma atakuwa sokoni", huzungumzii kesho. Unazungumzia sasa hivi, na unakisia kwa unachokijua: ni saa yake ya kwenda Sabasaba, na baiskeli haipo. Hiyo ndiyo varmaan. Ila angalia, Kifini hakina wakati ujao kama -ta- yetu. *Hän tulee* ni "anakuja" na ni "atakuja", kwa hiyo ule mzigo wa kukisia tunaoubebesha -takuwa, wao wanaubebesha haya maneno madogo. Ukiyaruka, msikilizaji anachukua kwamba umethibitisha.

Saattaa na taitaa nitakupa kwa mvua yetu. Ni Novemba, kuna wingu mbali upande wa Chamwino. Hapo sema *saattaa sataa*: huenda ikanyesha, uwezekano upo, sina upande. Sasa upepo umegeuka, vumbi limenyanyuka barabarani, jirani anaanua nguo na kuita watoto. Hapo ni *taitaa sataa*: naona kama inanyesha hii. Taitaa ina dalili nyuma yake, na msemaji ameegemea.

Luultavasti limetoka kwa luulla, kudhani. Todennäköisesti lina uzito karibu na huo, ila limevaa rasmi zaidi, utalikuta kwa daktari na kwenye taarifa ya hali ya hewa. Na ukiitumia luulla kwa wakati uliopita, ujue unachokisema: *luulin, että olet kotona* ina "kumbe" yetu ndani yake. Nilidhani uko nyumbani, kumbe haupo.

Binti_Kondoa:
Dada mkubwa, Mungu akubariki. Hiyo ya "atakuwa" imenifungua macho. Naomba nikuongezee mawili. Epäillä kamusi inaniambia ni kushuku na pia ni kutokuamini, inakuwaje? Na kwenye habari nimeona *tullee* yenye l mbili. Ni kosa la chapa?

Mama_Ipagala:
Epäillä angalia kinachofuata. *Epäilen, että hän on sairas*: nashuku anaumwa, yaani naelekea kuamini. *Epäilen, onko hän sairas*: nina shaka kama kweli anaumwa, yaani naelekea kutoamini. Kiswahili kimeshakutenganishia, kushuku kwake na kuwa na shaka kwake, kwa hiyo tumia hicho. Kwenye ripoti ya mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa mno, usiiguse kwa kubahatisha.

*Tullee* si kosa. Ni umbo la kitenzi lenye -ne-, linaloonyesha kwamba jambo linaelekea kuwa kweli. *Sanoo* ni anasema, *sanonee* yaelekea atasema. Kwa tulla ile n inageuka l ikifuata l ya shina, inakuwa *tullee*. Kwa nousta, kuinuka, inageuka s: *noussee*. Olla, yaani kuwa, inabadilika kabisa: *lienee*, itakuwa ni. Kwa hiyo *ministeri tulee* ni waziri anakuja, na *ministeri tullee* ni waziri anatarajiwa kuja. Herufi moja tu imeongezeka, na habari nzima imelegea.

Mtumba_Kwetu:
Lakini mama, mimi nilikaa Turku, sikuwahi kumsikia mtu mtaani akisema tullee. Kwa nini mtu apoteze usiku wake kwa hilo?

Mama_Ipagala:
Mwanangu, ni kweli, mtaani wanasema *tulee varmaan* au *taitaa tulla*, na yeye azungumze hivyo hivyo. Ila YKI ina sehemu ya kusoma, na magazeti yanalitumia. Alitambue akiliona, inatosha. Kulitunga aliache.

Ambalo simruhusu kuliacha ni kai, kwa sababu wazee wanalisema kutwa. Linakaa nyuma ya kitenzi, sauti haipandi juu yake: *hän tulee kai huomenna*, atakuja kesho nadhani. Likiingia kwenye swali linaomba kuthibitishiwa. *Tulet kai huomenna?* Si utakuja kesho? Na *et kai sinä ole sairas?* ni maneno ya mtu mwenye hofu anayetamani aambiwe hapana: huumwi lakini? Bibi akikuuliza hivyo ukiwa umechoka, amekuonea huruma. Mjibu vizuri.

Binti_Kondoa:
Nimeandika yote kwenye daftari. Na kama jambo nimeambiwa tu na mtu, mimi mwenyewe sijaliona?

Mama_Ipagala:
Kuulemma. *Hän on kuulemma syönyt*: nasikia ameshakula. Hujasema ni kweli, hujasema ni uongo, umesema umeambiwa, na kwenye zamu hilo ni neno la uaminifu. Usilichanganye na muka. *Hän on muka syönyt* ni "eti ameshakula", ile eti ya mtu asiyeamini. Ukimsemea mwenzako muka mbele ya kiongozi wa zamu, umemwita mwongo.